Kisiwa Nilichokiandika Dago

Ami,

Leo kabla ya magharibi nitaivunja Fatiha yetu. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe kwanza, maana hukupenda kamwe kusikia mambo ya nyumbani kwako kutoka kwa watu.

Niko Kismayo, kwa mwanao Athmani. Amenipa chumba cha mbele, kinachotazamana na ghala lake la mchele, na mkewe amewakataza watoto kunigongea. Kompyuta iko wazi mezani. Faili liko tayari tangu asubuhi, limebaki kutumwa tu, na mimi nimelikodolea macho huku chai inapoa. Nikilituma, Chula itaonekana. Chula yetu, kisiwa ulichoniapisha nisimwonyeshe mtu.

Ngoja basi, usianze kunikatiza. Ulikuwa na tabia hiyo, mtu hajamaliza neno ushamjibu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, hiari huna.

Kwanza unisamehe sikukuzika. Athmani alinipigia simu Ijumaa mchana, akasema, "Dija, baba ametangulia Jumatatu." Jumatatu! Siku nne nzima nimekula, nimecheka, nimegombana na mwenye nyumba juu ya maji ya mfereji, na wewe umeshafukiwa kando ya msikiti. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za ofisi. Mlinzi akaja mbio, akadhani nimeteleza. Nikamwambia ndiyo, nimeteleza, nikamwachia aninyanyue.

Unaikumbuka siku niliyokueleza kazi yangu? Nilikuja Chula baada ya miaka mingi ya Mombasa, nikakukuta ufukweni unaipaka mashua mafuta ya papa. Nikaziba pua. "Pua ya Mombasa hiyo," ukasema, "ishasahau iliponusa mara ya kwanza." Tukacheka. Halafu ukaniuliza, kwa ile sauti yako ya kujifanya hutaki kujua, hao walioniajiri wananilipa nifanye nini hasa.

Nikakueleza. Kwamba siku hizi mtu akitaka kujua mji fulani una shughuli kiasi gani, na bahari ikipanda itawadhuru wangapi, si lazima aende kubisha mlango kwa mlango. Anatazama taa za usiku zinavyoonekana kutoka angani. Anatazama mapaa ya mabati yanavyong'aa mchana. Anatazama simu, si maneno yasemwayo, ni kule kuamka kwake tu: ngapi zimeugusa mnara, ngapi zimehama, zimehamia wapi. Anatazama malori barabarani na rangi ya maji mtoni. Vitu ambavyo hakuna aliyeviweka ili vihesabiwe. Kompyuta inavijumlisha, kisha inasema hapa pana watu na riziki yao, hapa hapana. Hapa mafuriko yakija pelekeni onyo na maji ya kunywa, pale msijisumbue.

"Kwa hiyo mwatuchungulia paa," ukasema.

Nikakwambia ndivyo. Ukaendelea kupaka mafuta. "Na sisi wachu wa Chula hatuna taa wala bati. Mwatuonaje?" Nikajibu kwamba ndiyo shida yenyewe, Ami, hatuwaoni. Ukatabasamu hadi meno ya nyuma. "Alhamdulillahi," ukasema.

Lakini ukataka uonyeshwe. Nikafungua simu, nikakupa picha ya Chula iliyopigwa kutoka juu. Ilikuchukua muda, kisha kidole chako kikaanza kutembea: huu msikiti, hiki kisima cha juu, hili paa la makuti langu, na haya madoa meusi je? Kidole kikasimama. Madoa yale yalikuwa ng'onda wako, samaki uliowapasua na kuwaanika mchangani. Nyumba kuonekana hakukukutisha. Kilichokutisha ni kwamba mtu aliye mbali, asiyekujua, anaweza kukaa kitako akajua una samaki kiasi gani. Ukaniambia, "Futa."

Nikasema siwezi kufuta, picha si yangu. Lakini picha peke yake haisemi kitu, mpaka atokee mtu aseme hapa wanaishi watu.

"Basi wewe usiseme."

Sikubisha. Ningebishaje? Kisa cha daftari nakijua tangu sijajua kuvaa viatu. Chama cha wavuvi kilikuwa na daftari lake mjini Kismayo tangu enzi za serikali, limeandikwa nani ana mashua, nani ana injini, nani kapata nyavu mpya. Vita vilipoanza, daftari likaangukia mikononi mwa wenye bunduki. Walipofika Chula hawakupekua nyumba. Walisoma. Walisimama mlango hadi mlango wakiita majina kwa utaratibu, mfano wa mwalimu anayeita mahudhurio. Wakamwita baba yangu, ndugu yako, kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Wakachukua injini, wakachukua mashua, na yeye wakamwachia mbavu zilizovunjika ambazo hazikupona tena. Akafa kambini Mombasa, na mimi simkumbuki ila kwa kikohozi chake. Wewe ulikuwa kwenye nyumba ile ile, nyuma ya pazia. Hawakukuita. Hukuwa na mashua bado, hukuwamo daftarini. Ukaishi.

Ukanilea wewe. Ukanifunza kuogelea, ukanifunza kusoma, ukauza nyavu zako mbili nikae shule, kambi ilipofungwa ukarudi Chula ukaniacha na mama ili nisikose masomo. Mtu wa namna hiyo akiniambia nisiseme, mimi ni nani niseme?

Ukanyoosha mikono yako iliyolowa mafuta ya papa, nami nikanyoosha yangu, tukasoma Fatiha pale mchangani kwamba Dija hataitia Chula kwenye karatasi ya mtu. Kwetu neno likishasomewa Fatiha limefungwa, halifunguki kwa kikao wala kwa barua. Tukajipaka nyuso. Bi Mwanakombo, mkeo, akatuita kutoka jikoni kwamba wali umeiva.

Sasa lile usilolijua. Hili nililificha.

Kompyuta ilipofika kwenu ilitatizika. Taa hakuna. Bati hakuna. Lakini kuna simu zinazoamka mara moja kwa wiki, Ijumaa baada ya sala, kisha zinazima kabisa. Haikuelewa. Ingeelewaje? Ile ilikuwa amri yako! Wewe ndiye uliyewaambia watu watoe laini kwenye simu zao wiki nzima, kwa sababu simu inayowaka baharini inawaita wa msituni wenye bunduki na wa angani wenye mabomu pia, na Mbajuni wa visiwani hana ugomvi na wote wawili ila wote wawili wana ugomvi naye. Ijumaa tu, mkitoka msikitini, mnapanda wote kwenye lile jabali la nyuma, wanaume upande huu, wanawake upande ule, mnatia laini, mnaongea na watu wenu Mombasa, Kismayo na Ulaya, mnatoa laini, mnashuka mkale. Nilishapanda nanyi. Nilimwona Bi Mwanakombo akimpigia kelele dada yake aliyeko Ulaya kwa sauti ambayo dada angeisikia hata bila simu.

Mkuu wangu wa kazi akaniita. Si mtu mbaya, Ami, ni mtu wa mbali tu, mpole, hajawahi kukanyaga visiwa vyetu. Akaniuliza, wewe ni wa huko, hapa wanaishi watu au hawaishi? Nikarudi kwenye kiti changu, nikaandika: "Dago. Wavuvi wa kupita. Hakuna wakazi."

Dago! Uongo ule angeweza kuutunga Mbajuni peke yake. Kila mtu wa pwani anajua dago ni nini: wavuvi wanafika, wanapiga vibanda vya makuti, wanavua wiki mbili tatu, wanaanika, wanaondoka. Wana simu zao, wana samaki wao mchangani, na kesho hawapo. Kila kilichoonekana Chula kiliingia ndani ya neno lile bila kubaki. Mkuu akanishukuru. Chula ikapakwa nyeupe kwenye ramani yetu, na nyeupe maana yake bahari ikija hapa haimdhuru mtu.

Nilijiona shujaa. Nitakwambia kweli tupu, nilitoka ofisini siku ile natembea kifua mbele. Nilijiona nimewashinda wote wale walioita jina la baba, nimewashinda kwa neno moja, na hawatajua.

Na nilikuwa na siri yangu nyingine tamu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya wenzangu kufika, nilifungua faili la simu nikatazama Ijumaa yenu. Hazina majina, hazina namba, ni vialama tu. Lakini nilikuwa nawahesabu: wamepanda kumi na tisa, leo wamepanda ishirini na mmoja, nani hao wawili, labda wageni wa harusi. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Wa alaykumu salaam," kama mwehu. Hivyo ndivyo nilivyojua mpo.

Halafu Jumanne ile ikaja bahari.

Wewe uliiona, sina haja ya kukusimulia, lakini mimi nimesimuliwa na Bi Mwanakombo nami nataka ujue ninachokijua. Bamvu, yale maji makuu ya mwezi, lilikuwa kubwa, na juu yake upepo usiokuwa wa msimu wake. Maji yalipanda upande wa chini, yakazoa nyumba za huko, yakazivunja mashua zilizovutwa ufukweni. Hakufa mtu siku ile. Mlishukuru Mungu. Mpaka mlipoteka maji kisima cha juu yakawa chumvi, mkaenda cha pili kikawa chumvi, mkafunua birika la mvua la msikitini mkakuta samaki wadogo wanaogelea ndani.

Onyo lilitumwa pwani yote, kwenye simu. Kwenu halikuja. Na hata lingekuja lisingewakuta, laini zilikuwa zimefungwa kwenye vitambaa. Hilo najipoza nalo kidogo. Lakini maji ya kunywa hayahitaji laini.

Boti ya maji ilitoka Kismayo Alhamisi. Ilikwenda Koyama, kisiwa jirani, kwa kuwa Koyama wana mabati machache yanayong'aa na kwenye ramani yetu wamo. Kutoka huko ikashuka kusini, ikapita mbele yenu. Bi Mwanakombo alivua leso yake ya juu akaipunga, na wanawake wote wakavua wakapunga, na wewe ulisimama ndani ya maji mpaka kiunoni ukiita. Walioko botini waliwaona, Ami. Nahodha amemwambia Athmani kwa mdomo wake. Waliwaona, wakatazama karatasi waliyopewa, wakaambiana hao ni watu wa dago, wana vyombo vyao, wataondoka wenyewe.

Neno langu hilo, lilitoka kwenye kiti changu Mombasa likafika kwenye boti ile.

Ijumaa ulifanya jambo ambalo Bi Mwanakombo anasema hakulitarajia maishani. Kabla hata ya sala ulizunguka nyumba kwa nyumba ukiwaambia watu watie laini, wapande wote na watoto, wapige popote, wamwambie yeyote kwamba Chula kuna watu. Mlikaa juu ya jabali mpaka jua la alasiri. Hakuna kilichoita. Mnara wa bara ulikuwa umeanguka.

Jumamosi asubuhi nikafungua faili langu. Ijumaa yenu haikuwepo.

Nisikilize hapa vizuri. Nikajiambia mnara umeanguka. Na kweli ulikuwa umeanguka! Nilikuwa sahihi, na usahihi ule ndio unaonitafuna, kwa sababu ulinipa ruhusa ya kukaa. Lakini moyo ulikataa. Niliinuka, nikapanda hadi mlango wa mkuu, nikashika kitasa. Alikuwemo, nilimsikia akiongea. Sentensi moja tu: Chula si dago, kuna watu wazima na watoto, tumeni boti. Boti ingefika Jumapili. Wewe ulikuwa hai Jumapili.

Nikaiona mikono yako inanuka mafuta. Nikasema, Dija, ulisoma Fatiha. Nikakiachia kitasa. Nikashuka nikanywa chai.

Ndio huo ukweli. Nilikuwa na khofu ya kukuasi kuliko khofu ya kukupoteza, na nimekupoteza.

Na nimekukasirikia pia, wallahi, nisipolisema hili nitapasuka. Bi Mwanakombo ameniambia madafu yalikuwepo kiasi, ukayagawa kwa watoto na kwa wenye mimba, ukasema wewe umezoea. Umezoea nini? Nani aliyezoea kunywa chumvi? Ulikunywa maji ya kile kisima siku tatu, tumbo likakushika, ukawaambia watu ni uchovu. Dafu moja, Ami! Dafu moja lingempunguzia nani? Watu wanasema ulikufa kiungwana. Mimi sitaki uungwana wako, nilitaka wewe uwepo unikatize maneno.

Vijana waliunga mashua moja kwa vipande vya nyingine, wakatoka nayo Jumapili alfajiri. Walifika Kismayo Jumatatu. Athmani hakungoja kupiga simu wala kuuliza, alipakia mapipa ya maji akaja mwenyewe. Alifika Jumanne. Alikukuta una siku moja ardhini. Tangu hapo ameng'ang'ania kunywesha kila mtu. Tangu nije hapa, kila saa analeta gilasi ya maji, anasimama mpaka nimalize.

Nilikwenda Chula wiki mbili zilizopita. Upande wa chini hauutambui. Ile mashua uliyokuwa unaipaka mafuta imebaki mbavu. Kaburi lako ni jema, limefagiliwa, wameliwekea mawe ya pwani kichwani na miguuni. Nilisoma Yasini, nikakosea mara mbili, nikarudia.

Kisha nikaingia kwa Bi Mwanakombo. Yuko edani, haoni nje, amejikunja kwenye kona ya chumba chenu na nguo zake nyeupe. Nilikuwa nimejipanga nimwambie kidogo kidogo. Nikamwambia yote kwa mkupuo, tangu Fatiha mpaka dago mpaka kitasa. Hakupiga kelele. Angenipiga ningeshukuru.

Aliniuliza jambo moja. Siku ile mliposoma Fatiha, yeye alikuwa wapi? Nikasema jikoni. "Nilikuwa nawapikia," akasema. "Mbona hamkuniita?"

Akaendelea kukunja upindo wa leso yake. "Aliyekwambia utufiche hakuniuliza mimi. Mimi ndiye ninayeteka maji."

Ami, siku zote nilidhani neno lile ni letu wawili. Tuliwafunga watu wa kisiwa kizima mikono ikiwa miwili tu yako na miwili yangu, na walioteka maji, walioanika samaki, walionyonyesha, hakuna aliyejua kwamba wamefichwa. Wewe uliponea nyuma ya pazia ukaamini pazia litamponya kila mtu. Sikulaumu kwa hilo. Ningekuwa wewe ningeamini vivyo hivyo.

Asubuhi yake akawatuma wajukuu wakawaite wanawake. Si kawaida, chumba cha eda ni cha kulia na kusomea dua, lakini walikuja, mmoja mmoja na makundi, wakakaa kwenye mkeka. Bi Mwanakombo akawaambia mambo yalivyo, hakunifichia aibu yangu. Akasema, "Dija anataka kutuandika. Anayetaka aseme, asiyetaka arudi kwake." Mmoja alilia akasema mumewe alitolewa mlangoni mwaka ule kwa kuitwa jina. Mwingine akasema yeye alipunga leso mpaka mkono ukafa ganzi, na hataki kupunga tena. Walibishana mpaka adhuhuri. Mwisho Bi Mwanakombo akakata shauri: "Vichwa andika, na visima andika. Majina usiandike. Mashua usiandike hata moja."

Ndivyo nilivyofanya. Wakanitajia nyumba kwa nyumba, nami nikiandika: hapa wanane, hapa wanne, hapa bibi na mjukuu, kisima hiki kimeharibika, hiki bado chafaa kwa kufulia.

Rafiki yako Mzee Famau alimzuia mkewe asije. Alinisimamisha njiani, fimbo mkononi, akakutaja kwa jina lako, "Lali angekuwa hai usingethubutu." Nikamjibu, Lali angekuwa hai nisingehitaji. Nilimjibu vibaya, nilirudi jioni kumwomba radhi. Hakunifungulia. Nyumba yake sikuitia, nimeacha pengo mahali pake, na siwezi kukwambia kwamba amekosea. Mimi sijui faili hili litaishia wapi. Litapita mikono mingapi, nani atalinunua, nani ataliiba. Leo linaleta boti ya maji. Mwaka ujao mtu mwingine anaweza kulifungua akaona kisiwa chenye watu na visima, akapata fikra zake. Sina wa kuniapia kwamba haitakuwa hivyo. Nilichonacho ni wanawake kwenye mkeka waliosema wanataka waonekane, na safari hii nimeuliza.

Kwa mkuu wangu nimeandika barua ya pembeni. Nimemwambia nilidanganya, na nilidanganya nikijua. Huenda kazi ikaniondoka, huenda nikaambiwa mambo makubwa kuliko hayo. Sawa. Jina la kwanza na la pekee kwenye karatasi ile ni langu, ukoo na kila kitu, ili wakitafuta wa kumwita mlangoni waanze na mimi.

Athmani amepita sasa hivi na gilasi yake. Amekuona kwenye barua, amesoma mstari wa juu, "Ami," akageuka akatoka bila kunisubiri nimalize maji.

Jua limeshuka ukutani. Sina muda tena.

Nakuahidi haya, na sisomi Fatiha, nimeogopa kuisoma ovyo. Mashua za Chula sitaziandika maisha yangu yote, hata nikibembelezwa, hata nikitishwa. Kisiwa sitakinyamazia tena, hata kwa kukupendeza wewe. Nitarudi kila mwaka kuwauliza upya walioko kwenye mkeka ule kama bado wanataka, na siku watakaposema hawataki nitakuja kugombana na ofisi nzima waifute Chula. Kaburi lako nitalifagia mimi mwenyewe nikija. Kwa Mzee Famau nitabisha mpaka afungue.

Nenda salama, Ami yangu, baba yangu wa pili, uliyenibeba mgongoni ukivuka maji ya Chula huku risasi zinalia. Mola akupe maji matamu huko uliko, mengi, ya baridi, unywe wewe kwanza kabla ya kumpa mtu.

Limebaki moja. Walipokwisha kwenda wote, Bi Mwanakombo na mimi tulibaki peke yetu, na nyumba yenu ilikuwa haijaandikwa. Nikamuuliza, hapa mko wangapi? Akajibu mara moja, "Sita." Nikaandika sita. Alinitazama nikiandika, kisha akaushika mkono wangu wenye kalamu.

"Watano, mwanangu," akasema. "Mimi bado napakua sita."

Nimeandika watano. Sasa natuma.

Kwaheri, Ami.

Mwanao,
Dija